Mgombea Mwenza Si Kifuta Jasho

Wako wanachama wasemao, na baadhi yao ni viongozi, kwamba kazi ya kwanza ya mgombea mwenza ni kuponya. Mchujo wa kumpata mgombea wa Urais ukishaacha makundi mawili au matatu yasiyosalimiana, basi, wanasema, nafasi ya pili ipewe kundi lililoshindwa ili moyo wake utulie. Hoja hii tumeikuta katika madarasa ya itikadi mjini Sumbawanga, tumeikuta Laela, tumeikuta Namanyere na Matai. Inasemwa kwa nia njema. Lakini nia njema haiwezi peke yake kuifanya hoja kuwa sahihi. Makusudi ya makala hii ni kuihakiki hoja hiyo, kuonyesha mahali inapopotoka, na kisha kujikosoa sisi wenyewe ambao kwa muda mrefu tumeiacha ipite bila kuijibu.

Aliyetufungua macho hakuwa msomi. Alikuwa mkulima wa ulezi na maharage, mwanachama wa siku nyingi, aliyekaa nyuma ya darasa na kusikiliza kutwa nzima. Mwishoni alisimama akauliza: "Ndugu Mkufunzi, waliogombana ni watu wa bara kwa watu wa bara. Kiti mnachosema ni cha kuwapatanisha, kwa sheria, ni cha mtu wa Zanzibar. Sasa huyo wa Zanzibar atamfuta jasho nani hapa?" Darasa lilicheka. Sisi hatukucheka, maana hatukuwa na jibu la haraka.

JERAHA LIKO UPANDE HUU, KITI KIKO UPANDE ULE

Tuanze na sheria, kwa kuwa wengi huizungumzia nafasi hii kama kwamba ni desturi ya tangu zamani. Si hivyo. Katika mfumo wa chama kimoja hatukuwa na mgombea mwenza. Rais wa Zanzibar, kwa wadhifa wake, alikuwa Makamu wa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Ulipoingia mfumo wa vyama vingi mwaka 1992 hapana budi utaratibu ule kufikiriwa upya, maana iliwezekana sasa Rais wa Zanzibar kutoka chama kimoja na Rais wa Muungano kutoka chama kingine. Mabadiliko ya Kumi na Moja ya Katiba, yaliyopitishwa mwaka 1994, ndiyo yaliyoleta mgombea mwenza. Wawili hawa hupigiwa kura moja, hutoka chama kimoja, na Rais akitoka sehemu moja ya Muungano, Makamu wake lazima atoke sehemu ya pili.

Kwa hiyo tangu mwanzo nafasi hii iliwekwa kwa ajili ya Muungano. Haikuwekwa kwa ajili ya makundi ya mchujo. Yule mkulima wa Ufipa alikuwa amesoma Katiba vizuri kuliko wakufunzi wake.

Tuitazame hoja ya uponyaji katika mwaka 2015, kwa kuwa huo ndio mwaka ambao mchujo wa Chama ulikuwa na mpasuko mkubwa kuliko yote. Wanachama 42 walichukua fomu za kuomba kuteuliwa na 38 wakazirudisha. Miongoni mwao alikuwamo Ndugu Mizengo Pinda, Waziri Mkuu wa wakati huo, mtu wa Mlele, ambayo ilikuwa sehemu ya Mkoa wetu wa Rukwa hadi Katavi ilipokuwa mkoa mwaka 2012. Alikuwamo Ndugu Edward Lowassa, Waziri Mkuu aliyejiuzulu Februari 2008, ambaye Ndugu Pinda alishika nafasi yake. Kamati Kuu ilibakiza majina matano: John Magufuli, Bernard Membe, January Makamba, Asha-Rose Migiro na Amina Salum Ali. Ndugu Lowassa hakuwamo, wala Ndugu Pinda. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, walijitokeza hadharani kujitenga na uamuzi ule. Jambo la namna hiyo, wajumbe wa Kamati Kuu kuukataa uamuzi wa kikao chao mbele ya waandishi wa habari, halikuwa jambo dogo.

Halmashauri Kuu ya Taifa ikayapunguza majina kuwa matatu. Mkutano Mkuu ulimpa Ndugu Magufuli kura 2,104, Ndugu Amina kura 253 na Ndugu Migiro kura 59. Tarehe 12 Julai 2015, mbele ya Mkutano Mkuu huohuo, likatangazwa jina la mgombea mwenza: Ndugu Samia Suluhu Hassan, Mbunge wa Makunduchi, Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Makamu wa Rais na Makamu Mwenyekiti wa Bunge Maalumu la Katiba la mwaka 2014. Yeye hakuwa miongoni mwa wale 38.

Sasa tuulize: katika hali ile, nafasi ya mgombea mwenza ingeweza kumponya nani? Aliyeteuliwa alitoka Chato. Kwa sheria, Lowassa wa Monduli, Membe wa Mtama, Makamba wa Bumbuli na Pinda wa Mlele, wote walikuwa nje ya nafasi hiyo, hata kama Mkutano Mkuu mzima ungewataka. Katika majina matano, ni Ndugu Amina peke yake aliyeweza kuishika. Na kundi lililojeruhiwa zaidi halikuwa lake. Kumpa yeye nafasi ile kusingemrudisha hata mfuasi mmoja wa aliyekatwa. Hoja ya uponyaji inaanguka hapa, kwa hesabu tu, kabla hatujafika kwenye itikadi.

Tarehe 28 Julai 2015 Ndugu Lowassa alijiunga na CHADEMA. Oktoba 25 alipata kura 6,072,848, sawa na asilimia 39.97. Ndugu Magufuli alishinda kwa kura 8,882,935, sawa na asilimia 58.46. Tangu uchaguzi wa vyama vingi urudi mwaka 1995 hakuna mgombea wa upinzani aliyekuwa amefikia kiwango hicho. Tena upande ule nao ulifungwa na sheria ileile: Ndugu Juma Duni Haji wa CUF ilimbidi ahamie CHADEMA ili awe mgombea mwenza, kwa kuwa wawili lazima watoke chama kimoja. Wapinzani nao waliutumia mlango huo kama gundi ya muungano wao, na gundi ile haikudumu.

KITI CHENYEWE NI KITI GANI?

Kosa la pili la hoja tunayoihakiki ni kubwa zaidi. Inamtazama mgombea mwenza kama mtu wa pili. Katiba inamtazama kama mtu anayefuata. Tofauti ya maneno haya mawili ni tofauti ya dola.

Ibara ya 37 inasema bayana kwamba Rais akifariki au akishindwa kuendelea, Makamu wa Rais ataapishwa kuwa Rais kwa muda uliobaki. Hakuna uchaguzi mwingine. Hakuna mchujo mwingine. Rais huyo mpya ndiye atakayependekeza jina la Makamu, na Bunge ndilo litakalolithibitisha. Tarehe 17 Machi 2021 Rais Magufuli alifariki dunia. Tarehe 19 Machi Makamu wake aliapishwa. Kabla mwezi haujaisha Bunge lilikuwa limemthibitisha Ndugu Philip Mpango kuwa Makamu wa Rais. Katika muda wa siku zisizozidi kumi na tano nchi ilikuwa na viongozi wake wote wawili, na jeshi lilikaa kambini, na wakulima wa Ufipa waliendelea kuvuna maharage yao.

Tuwatazame majirani zetu wa ng'ambo ya Kasesya ili tuone thamani ya jambo hilo. Zambia, chini ya sheria yao ya zamani, Makamu wa Rais aliteuliwa na Rais, na Rais akifariki ilibidi uchaguzi ufanyike ndani ya siku 90. Walifanya hivyo mwaka 2008 alipofariki Levy Mwanawasa. Walifanya hivyo tena Michael Sata alipofariki Oktoba 2014, na katika miezi ile chama chao tawala kiligombana chenyewe kwa chenyewe juu ya nani arithi. Mwaka 2016 walibadili Katiba, wakaleta mgombea mwenza. Walijifunza kwa gharama kile ambacho sisi tulikuwa tumekiandika tayari.

Basi, mtu akisema nafasi hii ni kifuta jasho, anasema nini hasa? Anasema kwamba Urais wa Jamhuri ya Muungano, katika siku ya msiba, uangukie mikononi mwa mtu aliyechaguliwa kwa sababu kundi lake lilinuna. Hatuamini kwamba mwanachama yeyote anakusudia hivyo. Lakini hoja ikifuatwa hadi mwisho wake, inafika hapo.

Wako wengine wanaoikwepa hoja hiyo na kuangukia nyingine iliyo dada yake: kwamba mgombea mwenza ni sura. Achaguliwe mwanamke ili wanawake wafurahi, au kijana ili vijana wafurahi. Mwaka 2015 maneno hayo yalisemwa sana. Ni maneno ya kumdharau mteule na wapiga kura pamoja. Mwanamke anayefaa kuwa Rais achaguliwe kwa kuwa anafaa kuwa Rais. Machi 2021 iliwajibu wasemao hivyo, na wengi wao waliona aibu kukumbuka waliyoyasema.

Kenya imetoa fundisho la upande mwingine. Mwaka 2022 Ndugu William Ruto alimchagua Rigathi Gachagua kuwa mgombea mwenza kutoka eneo la Mlima Kenya, lenye kura nyingi. Hesabu ya kura ilitimia na uchaguzi ukashindwa na wapinzani wao. Oktoba 2024 Bunge na Seneti vilimwondoa madarakani Naibu huyohuyo, na tarehe 1 Novemba Kithure Kindiki akaapishwa badala yake. Anayechaguliwa kwa hesabu ya kura peke yake humaliza kazi yake siku kura zinapohesabiwa.

FUNDISHO LA MILANZI

Katika mabishano yetu ya Sumbawanga, watetezi wa hoja ya uponyaji walileta historia ya Ufipa. Tunaipokea, kwa kuwa nadharia isiyogusa historia ya watu ni maneno matupu. Masimulizi, ambayo mtafiti Roy Willis pia aliyaandika, yanasema kwamba mtawala wa kwanza wa nchi hii alikaa Milanzi, karibu na ulipo mji wa Sumbawanga sasa. Ntatakwa wa Milanzi alipokuwa mbali kuwinda walifika wageni, wanawake wa ukoo wa Watwa, wakakalia kigoda chake. Aliporudi hakukuwa na vita. Yalifanyika mapatano: Watwa watawale nchi, naye Milanzi abaki na ardhi yake na heshima ya kuwa wa kwanza katika mambo ya matambiko. "Mnaona," walituambia, "aliyeshindwa alipewa chake, na nchi ikatulia."

Masimulizi haya ni ya utawala wa kimwinyi na hatuyatukuzi. Lakini tuyasome vizuri. Milanzi alipewa nini? Hakupewa nafasi ya pili katika utawala wa Watwa. Hakuwekwa kuwa mrithi wao. Alipewa eneo lake, lenye mipaka na kazi inayojulikana na kila mtu. Heshima ya aliyeshindwa na urithi wa madaraka vilitenganishwa. Na Watwa wenyewe, warithi wao walipogombea kiti, nchi iligawanyika: Nkansi upande mmoja, Lyangalile upande wa pili. Kwa hiyo historia ya Ufipa inatupa mambo mawili, na yote mawili yako dhidi ya hoja iliyoiitia ushahidi. Mshindwa apewe heshima ya kweli na kazi ya kweli, na urithi uwe na kanuni yake iliyo wazi. Ukivichanganya, unavipoteza vyote.

Chama chetu kimewahi kufanya hivyo na kufaulu. Mwaka 1995 Ndugu Benjamin Mkapa na Ndugu Jakaya Kikwete walirudiana katika kura ya pili, na tofauti yao ilikuwa ndogo. Mgombea mwenza akawa Dk. Omar Ali Juma, aliyekuwa Waziri Kiongozi wa Zanzibar. Ndugu Kikwete alipewa Wizara ya Mambo ya Nje akaishika miaka kumi, na mwaka 2005 akateuliwa kugombea Urais. Jeraha lilitibiwa kwa kazi. Baada ya 2015 nako Ndugu Makamba alipewa wizara na Ndugu Migiro akapelekwa kuwa Balozi Uingereza. Agosti 2025 Ndugu Migiro akawa Katibu Mkuu wa Chama. Ndugu Membe hakupatanishwa: Februari 2020 alifukuzwa uanachama, akagombea Urais kwa ACT-Wazalendo mwaka huohuo, akarudi Chamani mwaka 2022. Ndugu Lowassa alirudi Machi 2019. Na Ndugu Nchimbi, mmoja wa wale watatu waliojitenga Julai 2015, ndiye aliyetangazwa mgombea mwenza mbele ya Mkutano Mkuu Maalumu tarehe 19 Januari 2025, na kuwa Makamu wa Rais Novemba mwaka huo.

Wapo watakaosema: hapo je, si uponyaji huo? Tunajibu: kama angeteuliwa Julai 2015 kwa sababu alikuwa amepinga, ingekuwa kununua ukimya. Baada ya 2015 alitumwa kazi za ubalozi, akarudi, akawa Katibu Mkuu mwaka 2024. Miaka kumi ilimpima. Upinzani wa ndani ya vikao si uadui. Mikinzano ya ndani ya watu wenye lengo moja hutatuliwa kwa hoja, kwa ukosoaji na kwa muda. Anayeigeuza kuwa uadui ndiye anayekivunja Chama, awe aliyeshinda au aliyeshindwa.

UPUNGUFU WETU

Uhakiki usiogusa nyumba ya mhakiki ni nusu ya uhakiki. Tuseme basi upungufu ulipo.

Mwaka 2015 waombaji wa Urais walitakiwa kutafuta wadhamini 450 katika mikoa 15, mitatu kati yake ikiwa ya Zanzibar. Walifika mikoani, wakaonekana, wakaulizwa. Kamati Kuu ikawachuja, Halmashauri Kuu ikawachuja, Mkutano Mkuu ukawapigia kura. Mgombea mwenza hakupita katika njia hiyo hata hatua moja. Jina lake lilijulikana siku ya mwisho ya Mkutano, likashangiliwa, wajumbe wakapanda mabasi. Hatusemi kwamba aliyeteuliwa alikosa sifa. Kazi alizokwisha kuzifanya zilikuwa zinajulikana. Tunasema kwamba Chama kilitumia majuma mengi kumpima yule wa kwanza, na saa chache kumpima yule ambaye Katiba inamtaja kuwa Rais wa kesho. Mwaka 2025 hapakuwa na mchujo wa Urais, na jina la mgombea mwenza lilifika mbele ya wajumbe kwa namna hiyohiyo. Kwa hiyo upungufu huu hautokani na joto la mashindano. Ni upungufu wa utaratibu, na bahati njema si utaratibu.

Sisi wakufunzi nasi tuna sehemu yetu. Katika madarasa tulifundisha Azimio la Arusha la 1967 na Mwongozo wa 1981, tukafundisha Katiba ya Chama kifungu kwa kifungu. Lakini Ibara ya 37 ya Katiba ya nchi tuliipita haraka kana kwamba kuitaja kunaleta mkosi. Kwa hiyo Machi 2021 wanachama walitupigia simu usiku kuuliza ni nani sasa Rais. Swali hilo lilikuwa hukumu juu ya ufundishaji wetu.

KAZI ILIYO MBELE

Kwanza, mgombea wa Urais alete jina la mwenzake katika Kamati Kuu na Halmashauri Kuu mapema, pamoja na sababu, na wajumbe wapewe muda wa kulijadili. Swali la kujadiliwa liwe moja: mtu huyu tungekubali aapishwe kuwa Rais kesho asubuhi? Anayejibu "hapana, lakini ataleta kura" amekwisha kujibu.

Pili, vikao vinapokata majina viseme sababu. Mwanachama anayejua kwa nini mtu wake amekatwa anaweza kuhuzunika na kuendelea na kazi. Asiyejua hubaki na uvumi, na uvumi ndio mbolea ya makundi.

Tatu, uponyaji urudishwe mahali pake, yaani kwenye mashina na matawi. Baada ya 2015 tuliwaona hapa Ufipa wanachama wawili wa tawi moja, mashamba yao yakipakana, waliopita misimu miwili bila kusaidiana kupalilia, kwa kuwa mmoja aliitwa wa kundi la aliyekatwa. Hakuna Makamu wa Rais, wa bara wala wa visiwani, anayeweza kuwapatanisha hao. Waliokuwa na uwezo huo ni viongozi wa tawi lao, na hawakukaa nao hata siku moja. Wakati huohuo bei ya mahindi yao wote wawili ilipangwa na walanguzi, ambao hawakujali nani alikuwa wa kundi gani. Hapo ndipo makundi yanapowagharimu wakulima.

Mkulima wa Ufipa anajua namna ya kushughulika na nyasi. Huzikata pamoja na udongo, akazigeuza chini ndani ya tuta, akapanda maharage juu yake. Nyasi zikaoza polepole. Msimu unaofuata hulisambaza tuta lile akapanda ulezi, na nyasi zilizokuwa zikimzuia ndizo zinazoulisha. Kazi hiyo huchukua msimu mzima, na hufanyika kwa jembe, shamba kwa shamba. Viongozi wa matawi waichukue hivyo kazi ya mwaka baada ya mchujo, na nafasi ya mgombea mwenza waiachie kazi iliyowekewa na Katiba.